Riadha ya Pumzi: Kazi ya Mwili katika Kuimba kwa Ridhaa

Watu wengi, wasikiapo sauti njema ikipanda kutoka kanisani, katika hadhara ya maulidi au katika ukumbi wa taarab, husema kwamba mwenye sauti ile amejaaliwa na Mwenyezi Mungu, kisha wakakomea hapo. Kauli hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa hapana mtu awezaye kujiumbia koo. Walakini huficha jambo kubwa, nalo ni kwamba kuimba ni kazi ya mwili mzima, inayotoa jasho, inayochosha mbavu, mgongo na miguu, na inayodai mazoezi ya kudumu kama vile yanavyodaiwa na mbio au kuogelea. Mama aliyesimama saa mbili akiimba sauti ya pili katika kwaya ya mtaa wake, baada ya kutwa nzima sokoni, amefanya riadha ya haki, ingawa hapana aliyempimia muda wala aliyemvisha nishani.

Makala haya yanawahusu watu wa namna hiyo: waimbaji wa ridhaa, waimbao kwa mapenzi wala si kwa ujira. Katika nchi zetu idadi yao ni kubwa na historia yao ni ya heshima. Ikhwani Safaa, chama kikongwe cha taarab cha Unguja, kiliasisiwa mwaka 1905 na vijana waliopenda muziki, na Culture Musical Club, kilichofuata mwaka 1958, kimeundwa tangu hapo na watu ambao aghalabu mchana wana kazi zao nyingine na jioni hukusanyika kwa mazoezi. Nchini Kenya tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927 limepandisha jukwaani vizazi vya wanafunzi ambao wengi wao hawakuwa na nia ya kuufanya uimbaji uwe njia ya kupata riziki. Na ni nani awezaye kuzihesabu kwaya za makanisa, kutoka pwani hata Kigoma, na kaskazini yake hata Bujumbura na Bukavu? Watu wote hao hufanya kazi ngumu ya mwili, na wengi wao hawajaelezwa kuwa ndiyo waifanyayo.

Mali ya mwimbaji

Mali ya kwanza ya mwimbaji ni pumzi. Mtu mzima aketiye kimya huvuta pumzi mara 12 hadi 16 kwa dakika, na kila mvuto huingiza hewa ipatayo nusu lita, wala yeye hana habari, kwa sababu mwili humtendea kazi hiyo pasipo ihtiyari yake. Mapafu ya mwanamume wa kimo cha kawaida yaweza kuchukua kiasi cha lita 6, na katika hizo lita moja na ushei haitoki kamwe, hata akipuliza mpaka macho yakamtoka. Baina ya ile nusu lita ya mapumziko na ukomo wa kifua chake ndipo ilipo akiba ya mwimbaji, na elimu ya kuimba huanza kwa kujifunza namna ya kuijaza akiba hiyo upesi na kuitumia taratibu. Kwani mtu apumzikapo, kuvuta na kutoa havipishani sana kwa muda, lakini aimbapo hulazimika kuvuta kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha aitoe hewa hiyo kwa sekunde 10 au zaidi, kwa mkondo usiotetereka.

Chini ya mapafu umetandazwa msuli mpana wenye umbo la kuba, unaotenga kifua na tumbo, na jina lake ni kiwambo. Mtu avutapo pumzi kiwambo hushuka na kusawazika, matumbo yakasukumwa chini na mbele, mbavu za chini zikapanuka pande zote. Ndiyo sababu mwalimu mwenye maarifa humtazama mwanafunzi wake kiunoni na mbavuni, na akiona mabega yanapanda hujua kuwa hewa imeishia juu ya kifua na kwamba ubeti hautafika mwisho. Wengi huambiwa waisukume sauti kwa kiwambo, na kwa ushauri huo hujikaza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kumbe kiwambo ni msuli wa kuvutia hewa ndani, si wa kuitoa nje. Kifua kilichojaa hutaka chenyewe kurudi katika hali yake, na kikiachiwa hewa yote hutoka kwa kishindo kimoja. Basi kazi ya mwimbaji, hapo mwanzo wa mshororo, ni kuizuia misuli ile ile iliyovuta isilegee haraka, mbavu zibaki wazi, na hapo mwisho wa mshororo, akiba ikikaribia kwisha, ni kuiita misuli ya tumbo ikamilishe. Anafanya kama mhunzi aliye hodari wa mivukuto, ambaye hauendeshi moto wake kwa pupa, bali kwa upepo wa kipimo kimoja, kwa kujua kuwa chuma hakitaki dhoruba. Mapambano hayo ya misuli inayozuia na misuli inayosukuma ndiyo yanayomwachia mwanafunzi mgeni maumivu ya mbavu siku ya pili, na maumivu hayo si ishara ya ubaya. Ni yale yale ampatayo mtu aliyelima baada ya kukaa muda mrefu bila kushika jembe.

Nyuzi mbili zisizoonekana

Hewa ikiisha kupanda kutoka mapafuni hupita katika zoloto, ndicho kile kifundo kionekanacho shingoni mwa wanaume, na humo ndani mna kunjo mbili za nyama laini ziitwazo nyuzi za sauti. Urefu wake ni mdogo wa kustaajabisha: kwa mwanamume ni kiasi cha sentimita 2, na kwa mwanamke ni pungufu ya hapo. Karne nyingi walimu wa kuimba walifundisha habari ya nyuzi hizo pasipo mtu kupata kuzitazama zikifanya kazi, mpaka Manuel García, mwalimu wa kuimba mzaliwa wa Hispania, alipotumia mwaka 1854 kioo kidogo cha tabibu wa meno pamoja na nuru ya jua, akaliona zoloto lake mwenyewe likitoa sauti. Na mwaka uliofuata habari yake ilisomwa mbele ya jamii ya wanachuoni wa sayansi mjini London. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu chombo ambacho matabibu wa koo waliendelea kukitumia vizazi na vizazi kilianza katika udadisi wa mwalimu wa muziki aliyetaka kujua mwili unafanya nini wakati wa kuimba.

Alichokiona ni kunjo zile, ambazo wakati wa kutoa sauti hukutana na kuachana kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Sauti ambayo wanamuziki wa dunia huitumia kupatanisha ala zao ni ya mitetemo 440 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mwanamke aishikapo sauti hiyo, nyuzi zake hupigana mara 440 kabla ya sekunde moja kwisha, na akiidumisha kwa sekunde 5 zimepigana mara 2,200. Mwimbaji wa sauti ya kwanza apandaye oktava moja juu ya hapo huizidisha hesabu hiyo maradufu. Zidisha tena kwa beti, kwa nyimbo, kwa saa mbili za mazoezi, ndipo utakapoona kwamba hapana kiungo kingine cha mwili ambacho mtu wa kawaida hukitumikisha kwa kasi hiyo, na kwamba ute mwembamba unaozilinda nyuzi hizo ni hazina ya kutunzwa.

Ubeti na pumzi

Mwimbaji wa Kiswahili ana neema ambayo wengine hawana. Sauti huchukuliwa na irabu, na maneno yetu karibu yote huishia na irabu, nazo ni tano tu, zilizo wazi na zisizobadilika. Hivyo koo halifungwi kila mwisho wa neno. Aidha, washairi wa pwani walitunga kwa ajili ya kughani na kuimba, na utunzi wao una milango ya pumzi ndani yake. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, umegawanywa katika vipande viwili vya mizani 8, na vina vya kati na vya mwisho huonyesha mipaka yake. Mwimbaji stadi huvuta pumzi penye mipaka hiyo, ama akishaimarika huunganisha vipande viwili kwa pumzi moja na kupumua mwisho wa mshororo. Lakini yule aliyeishiwa katikati ya kipande hukata neno, na akikata neno amekata maana. Kwa hiyo kwetu sisi upungufu wa pumzi si aibu ya mwimbaji peke yake, bali ni dhuluma kwa mtungaji.

Tena taarab huongeza mzigo, kwa kuwa mwimbaji wake husimama akiwa ametulia, ilhali sauti inazungushwa, inapambwa na kuvutwa juu ya mwandamano wa fidla na kanuni, na katika utulivu huo mtazamaji haoni kazi inayotendeka mbavuni. Katika kulitafakari jambo hili mimi humkumbuka mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880, na ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Kabla ya kwenda mjini na kupata sifa, na kabla ya mwaka 1928 alipovuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, Siti alikuwa binti wa kufinyanga na kuuza vyungu, akitembea kwa miguu na bidhaa yake huku akiinadi kwa sauti. Nionavyo mimi, chuo chake cha kwanza cha pumzi kilikuwa njia ile: mgongo ulionyooka kwa sababu ya mzigo, mwendo wa kupimwa, na sauti iliyopaswa kufika mbali bila ya chombo chochote cha kuikuza. Kipaji alikuwa nacho, bila shaka. Lakini kipaji hicho kilikutana na mwili uliokwisha kufundishwa kazi.

Kusimama, kucheza na kupiga magoti

Watu waliozoea kwaya zetu wanajua kwamba kuimba huku hakuishii katika kusimama. Kwaya ya Tanzania au ya Kongo huimba ikicheza: miguu inapiga hatua, mikono inapanda na kushuka, mwili unageuka kulia na kushoto kwa umoja, na haya yote hutendwa ndani ya majoho mazito, penye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Misuli ya miguu inadai hewa wakati ule ule ambao ubeti nao unaidai, na mwimbaji hana ruhusa ya kuhema, maana kuhema kwake kutasikika. Vivyo hivyo katika Maulidi ya Homu ya Unguja, wanaume hujipanga safu, wakapiga magoti, wakaitikia sifa za Mtume kwa pamoja huku viwiliwili vyao vikiinama na kuinuka kwa mpigo wa matari, mwendo ukianza polepole na kuzidi kadiri muda unavyopita. Atakayedhani kuwa hiyo ni kazi nyepesi na ajaribu kwa nusu saa.

Hata kule kusimama tu kuna adabu yake. Mtu asimamaye muda mrefu bila kutikisika, magoti ameyafunga nyuma, damu humtuama miguuni na kichwa kikapungukiwa, na hii ni moja ya sababu za wanakwaya kuanguka katika ibada ndefu. Dawa yake ni rahisi: magoti yalegezwe kidogo, uzito ugawanywe katika nyayo mbili, kifua kiwe juu bila kukazwa, shingo iwe ndefu, taya liwe huru, na mtu asije mazoezini wala ibadani akiwa na njaa na kiu.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wamelipima jambo ambalo waimbaji walilijua kwa miili yao. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, nchini Sweden, walionyesha kwamba watu waimbao pamoja, kwa kuwa huvuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja, midundo ya mioyo yao huharakisha na kupunguza mwendo kwa pamoja. Mwaka 2021 watafiti wa London walichapisha vipimo vya watu wachache wenye afya walioimba mazoezi ya kusaidia mapafu, wakaona kwamba jitihada ya mwili wao ilikaribiana na ya mtu atembeaye kwa mwendo wa haraka kiasi. Basi kuimba si badala ya kila riadha, walakini ni riadha miongoni mwa riadha. Na mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukimbia, ama mama asiye na nafasi ya kwenda uwanjani, hupata katika kwaya au kikundi cha kasida zoezi la kifua, la mgongo na la moyo ambalo huenda asingelipata mahali pengine.

Madhara na matunzo

Kila kazi ya mwili ina madhara yake, na ya kuimba huja kimyakimya. Sauti inayotumiwa kwa nguvu kupita kiasi, siku baada ya siku, huweza kuota vinundu vidogo juu ya nyuzi zake, na hapo mtu hupwelewa, sauti za juu zikamkimbia, na kila wimbo ukamchosha upesi kuliko jana. Sababu moja kubwa ya dhara hilo ni kelele. Étienne Lombard, tabibu wa Ufaransa, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu awekwapo penye kelele hupandisha sauti yake pasipo kujua. Na leo kwaya nyingi hufanya mazoezi kando ya vipaza sauti vikubwa na vinanda vya umeme, kila mwimbaji akipiga ukelele ili ajisikie. Kiongozi wa kwaya anayewapenda watu wake hupunguza kwanza mlio wa ala, kabla hajawaambia waimbaji waongeze sauti.

Kuhusu dawa za koo, zipo nyingi mitaani, tangawizi, asali, ndimu, hata mayai mabichi, na baadhi yake hutuliza koo na kumpa mtu faraja. Lakini ni vyema ijulikane kwamba kinachomezwa hupita njia ya chakula, wala hakizigusi nyuzi za sauti, ambazo zimo katika njia ya hewa. Maji huzisaidia kwa kuingia mwilini mzima, nayo huhitaji muda. Kwa hiyo mwimbaji hunywa maji tangu asubuhi, wala hangoji gilasi moja anayopewa akipanda jukwaani. Mwenye mafua yaliyomshika kooni hana budi kunyamaza, na kunyamaza kwenyewe kuwe kwa kweli, maana kunong'ona kwa kukaza huzitesa nyuzi pia. Na mtu ambaye sauti yake imepwelewa zaidi ya wiki 3 bila sababu ya wazi aende kwa tabibu, asiridhike na ushauri wa jirani.

Kuanza na kudumu

Kwa yule anayetaka kuanza, au aliyekwisha kuanza lakini huchoka mapema, njia ni ya subira, haina gharama. Hapana mchezaji wa mpira aingiaye uwanjani bila kupasha misuli, na mwimbaji naye asianze na wimbo mgumu. Na aanze kwa kusimama sawasawa, avute pumzi mpaka mbavu za chini zipanuke, kisha aitoe kwa sauti nyembamba ya "s" isiyoyumba, akihesabu moyoni, na kila wiki aongeze kidogo. Halafu aitetemeshe midomo kwa pumzi huku sauti ikipanda na kushuka, au aimbe kwa kupuliza katika mrija, zoezi ambalo walimu na matabibu wa sauti hulipenda kwa kuwa humzuia mtu asiikamie sauti yake. Baada ya hapo na aimbe kwa midomo iliyofumbwa, kwa "m" nyororo, ndipo aingie katika irabu tano, kutoka sauti za kati kwenda juu na chini, bila haraka. Dakika 10 za namna hii kila siku zina faida kubwa kuliko saa nne za kupiga kelele mkesha wa sikukuu, kwa sababu misuli hujengwa kwa mazoea, wala haijengwi kwa hofu ya siku moja.

Na iwapo kuna jambo ambalo ningependa wakuu wa vyama, wachungaji, mapadri, mashehe na walimu wa shule walichukue kwa uzito, ni hili: waimbaji wao wapewe haki wanayopewa wanariadha. Wapewe muda wa kupasha sauti na muda wa kupumzika, wapewe maji, ratiba ya mazoezi igawanywe katika majuma, isirundikwe katika usiku mmoja, na sauti ya kila mmoja iwekwe mahali inapofaa, mwenye besi asilazimishwe kupanda kwa sababu wenye sauti ya tena wamepungua. Wapo watu wengi walioambiwa utotoni kuwa hawana sauti, wakanyamaza maisha yao yote, ilhali walichokosa ni pumzi iliyofundishwa na mtu wa kuwafundisha. Tukikubali kwamba kuimba ni kazi ya mwili, tumekubali pia kwamba mwili wowote wenye afya unaweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, kijana kwa mzee, mwenye kipaji kikubwa na mwenye kipaji haba. Na hapo mlango wa kwaya, wa taarab na wa kasida unakuwa wazi kwa kila mwenye bidii, kama ulivyostahili kuwa siku zote.